Historia Fupi ya Malori Yaaminiwayo Mipakani

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu mtasoma habari za maghala, za mizani, za mikopo na za mikutano. Mimi Katibu nimepewa zamu ya kueleza jambo ambalo wengi wetu hulisikia kwa mbali tu, nalo ni mpaka. Mahindi, maharage na vitunguu vya wakulima wa nchi zetu huvuka mpaka mara kwa mara, na bei aipatayo mkulima hutegemea pia muda ambao lori limesimama kwenye lango la forodha. Lori likilala siku tatu, dereva hudai posho, kitunguu huanza kuoza, na mnunuzi wa ng'ambo hutafuta mzigo mwingine. Hasara hiyo haibaki mpakani, hurudi shambani.

Kwa ajili hiyo yafaa tujue jinsi mataifa yalivyolishughulikia jambo hili, na zaidi ya hayo tujue ni nani aliyefaidika kwanza na ni nani aliyeachwa nyuma.

DESTURI YA ZAMANI

Kazi kubwa za afisa wa forodha ni mbili: kukusanya ushuru, na kuzuia vitu vilivyokatazwa. Ili azitimize, hapo zamani hakuwa na budi kufungua mzigo. Turubai lilifunuliwa, magunia yakashushwa, yakahesabiwa, yakapakiwa tena. Alipomaliza, lori lilisogea hatua chache hadi kwa afisa wa nchi ya pili, naye akaanza upya, maana hakuyaona aliyoyaona mwenzake wala hakuwa na sababu ya kumwamini. Lori la kupita nchi tatu lilifunguliwa mara nyingi, ingawa mzigo ulikuwa ule ule. Tena nchi ya katikati, ambayo mzigo haukuwa wake, ilidai amana ya fedha, kusudi mzigo usije ukauzwa njiani bila kulipiwa ushuru.

ULAYA: LAKIRI NA DHAMANA

Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi za Ulaya zilihitaji sana biashara, na mipaka yao ilikuwa mingi na karibu karibu. Mwaka 1949 baadhi yao zilipatana juu ya njia mpya. Mapatano hayo yakawa mkataba kamili mwaka 1959, chini ya tume ya Umoja wa Mataifa ishughulikiayo uchumi wa Ulaya. Mkataba mwingine uliotengenezwa mwaka 1975 ulichukua nafasi yake, nao ndio utumikao hata leo. Jina lake ni TIR, herufi tatu za maneno ya Kifaransa yenye maana ya usafirishaji wa mataifa kwa njia ya barabara. Lori lisafirilo kwa mkataba huo hubeba kibao cha buluu chenye herufi hizo kwa rangi nyeupe.

Utaratibu wake ni huu. Forodha ya nchi litokako lori hukagua mzigo, kisha hufunga sanduku la lori kwa lakiri. Dereva hupewa kitabu chenye kurasa za kukatwa katika kila nchi apitayo. Afisa wa njiani hutazama lakiri na kitabu. Akiona vyote viko salama, hafungui mzigo isipokuwa ana shaka. Na ikiwa ushuru utapotea, chama cha wasafirishaji kilichotoa kitabu kile hubanwa kulipa, kwa kuwa kimeweka dhamana. Vyama hivyo vimeunganishwa na Umoja wa Kimataifa wa Usafirishaji wa Barabara, ulioanzishwa Geneva mwaka 1948. Msafirishaji avunjaye masharti huweza kunyang'anywa haki ya kupewa vitabu.

Sisi watu wa ushirika tulitazame jambo hilo kwa makini. Afisa hamjui dereva aliye mbele yake, hajui kijiji chake wala wazazi wake. Humwachia apite kwa sababu nyuma yake kiko chama kinachomjua, kinachomdhamini, na kiwezacho kumwadhibu.

DARAJA LA DETROIT

Miaka hamsini baadaye shida hiyo hiyo ilizuka ng'ambo ya bahari. Kati ya mji wa Detroit wa Marekani na Windsor wa Kanada liko daraja liitwalo Ambassador, lililofunguliwa mwaka 1929, ambalo malori kwa maelfu hulivuka kila siku. Viwanda vya motokaa vya pande zote mbili vilikuwa vimezoea kupokea vipuri karibu na saa ile ile ya kuvitumia, pasipo kuweka akiba kubwa ghalani. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001, Marekani iliamuru ukaguzi mkali. Foleni zikarefuka, malori yakangoja kwa saa nyingi, na baadhi ya viwanda vikasimamisha kazi kwa kukosa vipuri.

Serikali zile zilijikuta baina ya mambo mawili mazito: usalama wa watu wao na kazi za watu wao. Mwezi Novemba 2001 forodha ya Marekani ilianza mpango uitwao C-TPAT, kwa kuanza na waagizaji saba tu. Mwezi Desemba mwaka huo Marekani na Kanada zilitoa tamko la pamoja juu ya mpaka wao, na mwezi Desemba 2002 ukaanzishwa mpango wa malori yaaminiwayo, kwa jina la FAST. Mwaka 2003 mpango huo ulifika kwenye mpaka wa Mexico.

Sharti lake lina pande tatu. Mwagizaji wa mzigo awe ameidhinishwa. Kampuni ya malori iwe imeidhinishwa. Na dereva mwenyewe awe na kadi, baada ya habari zake kuchunguzwa. Akikosekana mmoja kati ya hao, lori halina haki ya kutumia mstari wa haraka, hata kama wale wawili wengine ni waaminifu kama malaika. Kwa mizigo itokayo Mexico, mtengenezaji wa bidhaa naye huhesabiwa katika mnyororo huo.

Wala msidhani kwamba aliyeidhinishwa amesamehewa ukaguzi. Lori lake huweza kusimamishwa siku yoyote, ila kwa nadra kuliko mengine. Kwa kweli sehemu kubwa ya ukaguzi imehamishwa tu: imetoka darajani ikaenda ghalani. Wakaguzi hutazama ua, kufuli, orodha ya watumishi, na daftari linaloonyesha nani alifunga lakiri na saa ngapi.

Mwezi Juni 2005 Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels, lilipitisha utaratibu uitwao SAFE, ambao ulieneza wazo la mfanyabiashara aliyeidhinishwa na forodha hadi katika nchi nyingi za dunia. Ndivyo wazo hilo lilivyofika kwetu pia.

AFRIKA YA MASHARIKI

Hata hivyo, lilipofika halikutukuta wageni wa mambo haya. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikaingia mwaka 1927. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1967, ikavunjika mwaka 1977. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, usifunguliwe tena mpaka Novemba 1983. Kwa muda wa miaka zaidi ya sita hapakuwa na hati nzuri wala lakiri imara iliyomfaa dereva, kwa maana serikali zenyewe zilikuwa hazielewani. Uaminifu wa mfanyabiashara huota juu ya uaminifu wa mataifa.

Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Umoja wa Forodha ukaanza tarehe 1 Januari 2005. Mwaka 2014 ikaanza Himaya Moja ya Forodha, ambayo kwayo mzigo uingiao katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam kwenda nchi nyingine ya Jumuiya hufanyiwa taratibu za ushuru wa nchi uendako kabla haujaondoka bandarini. Vikajengwa pia Vituo vya Huduma kwa Pamoja Mpakani, ambamo maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na lori husimama mara moja tu. Cha Rusumo kilizinduliwa mwaka 2016, na vya Busia na Namanga mwaka 2018. Nchi za Jumuiya zina mpango wa pamoja wa wafanyabiashara walioidhinishwa, ambao mizigo yao hukaguliwa kwa nadra na hutangulizwa.

NANI ATAAMINIWA?

Hapa ndipo penye shauri letu. Mtu mwenye magunia machache amewekewa njia yake: kwa bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna hati rahisi ya asili ya bidhaa, ambayo hutolewa pale pale mpakani. Kampuni kubwa nayo ina njia yake, kwa kuwa inaweza kuajiri wahasibu na walinzi, ikaidhinishwa. Lakini lori zima lililojaa mahindi ya wakulima mia moja huzidi dola 2,000 upesi, na wenye mahindi hayo, mmoja mmoja, hawawezi kuidhinishwa kamwe. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika Februari 2017, unaagiza kwamba masharti ya kuidhinishwa yasiwafungie mlango wafanyabiashara wadogo na wa kati, kadiri iwezekanavyo. Maneno hayo ni mema, lakini mlango ulio wazi hauna faida kwa asiye na miguu ya kuingilia. Miguu yetu ni chama.

Wazee wa Kilimanjaro waliounda KNCU mwaka 1933 walilijua hilo. Mwenye kihamba kimoja hakuweza kupeleka kahawa yake ng'ambo. Kahawa ya wengi, ikikusanywa, ikipimwa na kupangwa kwa madaraja, iliweza. Mpaka wa leo unadai jambo lile lile, na unalidai kwa ukali. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa kwa masharti: waagizaji waandikishwe, na kila mzigo uwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu kumi katika bilioni. Fikirini, ndugu zangu: cheti hicho hakitengenezwi na afisa wa Namanga. Hutengenezwa na yule mama anayeanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo, na na yule mpokeaji ghalani anayekataa gunia bichi hata kama ni la shemeji yake.

Chama chetu bado hakijaidhinishwa. Kamati itauleta shauri hilo mbele ya Mkutano Mkuu, nami naomba wanachama walipime kabla ya kunyosha mikono. Kukubali maana yake ni kukubali mambo matatu yasiyopendeza. Kwanza, kila gunia liandikwe jina la mwenyewe na kijiji lilikotoka, ili lenye kasoro lijulikane. Pili, dereva asipakie njiani mzigo wa mtu yeyote, awe jirani au kiongozi. Tatu, daftari za Chama ziwe wazi kwa wakaguzi wa forodha wakati wowote, pamoja na daftari za ofisi yangu. Gunia moja la magendo likionekana ndani ya lori letu, hatahukumiwa mwenye gunia peke yake; tutarudishwa wote kwenye foleni ndefu.

Wengine watasema masharti hayo ni mazito kwa watu wadogo. Ni kweli ni mazito. Lakini mkulima amekwisha kubeba mzigo mzito zaidi, wa kungoja bila kujua atangoja hadi lini. Miaka kumi iliyopita wengi walisema hatuwezi kuaminiana hata kwenye mzani mmoja. Leo mzani huo uko ghalani na kila mwanachama husoma kilo zake mwenyewe. Tukiweza kuaminiana hapo, hatuna sababu ya kushindwa kuaminiwa Namanga.

Mungu aubariki umoja wetu, na miaka kumi ijayo atukutanishe tena.