Makato ya Mshahara, Kitale na Bungoma
Enzi za ukoloni, katika mashamba ya walowezi yaliyozunguka Kitale, vibarua, wengi wao Wabukusu kutoka upande wa Bungoma, walilipwa kwa tiketi ya siku 30: siku isiyofanyiwa kazi haikuhesabiwa. Kuanzia 1920, kipande, yaani kitambulisho cha kazi kilichoning'inia shingoni, kilionyesha mshahara. Hesabu ilikuwa mikononi mwa mwajiri, na huo ulikuwa udhalimu.

Leo, kinga iliyo wazi dhidi ya udhalimu kama huo imo katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007: makato yote kwa pamoja, yakiwemo ya ushirika wa akiba na mikopo na ya amri ya mahakama, yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Na pale kikomo hicho kisipotosha, mfanyakazi, kwa mfano mwalimu wa Bungoma aliyelemewa kabisa na madeni, anaweza, chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, kuomba amri ya kuyalipa kwa awamu.