Ithibati ya Kamati na Kanuni za Uandishi

Mhariri anayeketi leo kutunga mwongozo wa uandishi wa jarida lake hukuta mambo mengi yamekwisha kukatiwa shauri zamani. Yafaa basi tujue ni nani waliokata shauri hilo, na kwa njia gani.

Kabla ya mwaka 1930 Kiswahili cha vitabu hakikuwa na tahajia moja. Krapf, aliyekaa Mombasa, na Steere, aliyekaa Unguja, kila mmoja aliandika kwa kanuni zake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu. Na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson.

Nguvu ya Kamati haikuwa katika hoja zake tu. Ilisoma miswada ya vitabu vya shule, ikaisahihisha, kisha ikatoa ithibati. Na mwandishi aliyetaka ithibati hiyo hakuwa na budi kufuata tahajia yake. Faida ilikuwa kubwa: mtoto wa Kisumu na mtoto wa Tanga waliweza kusoma kitabu kimoja.

Walakini kila kanuni huacha kitu nje. Mvita hutofautisha katika matamshi paa la nyumba na paa wa mwituni: neno la pili lina mpumuo, la kwanza halina. Tahajia ya Kamati haina alama ya tofauti hiyo. Kwa mpiga chapa jambo hilo halina madhara, maana upatanisho wa sentensi huonyesha lipi limekusudiwa. Madhara huanza pale kanuni ya kuandika inapogeuzwa kuwa hukumu ya kusema, na mwenye lugha akaambiwa kwamba amekosea lugha ya mama yake. Tena tukumbuke kwamba Kamati ilipoanza haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja.

Kwa hiyo mhariri na aandike kila kanuni pamoja na sababu yake. Akichagua "habari" akaacha "khabari", aseme: katika jarida hili twaandika hivi. Asiseme kwamba hivi ndivyo Kiswahili kilivyo. Kanuni yenye sababu yaweza kujadiliwa na kurekebishwa. Isiyo na sababu hubaki amri tu.