Habari za Wakimbizi Waliopewa Makao Rungwe

Wakati wa yubile husomwa sana majina ya wamisionari waliofika nchi hii mwaka 1891: Theodor Meyer na wenzake wa Kimoravian waliojenga Rungwe, na Alexander Merensky wa Misheni ya Berlin aliyejenga Wangemannshöhe. Ni haki kuwakumbuka. Lakini misheni zile hazikupata watu kwa mahubiri peke yake. Wengi katika wale wa kwanza kukaa karibu nazo walikuwa wakimbizi, waliotafuta mahali pa kulala bila hofu. Basi twapenda kueleza habari zao kidogo.

Miaka ile hofu ilikuwa nyingi. Upande wa kusini, mwezi wa Oktoba 1887, Mlozi, mfanya biashara ya watumwa, aliwashambulia Wangonde karibu na Karonga. Waliosalimika walikimbia kaskazini, kuelekea mto Songwe na nchi ya ndugu zao Wanyakyusa. Vita ile haikukoma mpaka Mlozi alipokamatwa na kunyongwa mwezi wa Desemba 1895. Upande wa pili wa milima, Merere na Wasangu wake, waliokwisha kufukuzwa na Wahehe, walikuwa wakikaa ugenini Utengule, katika nchi ya Wasafwa.

Wala tusidhani kwamba kumpokea mkimbizi kulianza na misheni. Kwa Wanyakyusa, mtu aliyeshitakiwa kuwa ni mchawi alinyweshwa mwafi, na akishindwa alihamia nchi ya malafyale mwingine. Huko hakufukuzwa ovyo, kwa maana ardhi ilikuwa tele, na nguvu ya malafyale ilikuwa watu wake. Mgeni alionyeshwa mahali pa kujenga na pa kupanda migomba. Majirani wakala na kunywa pamoja naye, jambo ambalo Wanyakyusa huliita ukwangala, wakimtazama kama ni mtu mwema wa kukaa naye. Mambo haya yaliandikwa kwa urefu na Monica Wilson, aliyekaa Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1935 hata 1938.

Misheni zilipokuja, watu waliziona kama kijiji cha malafyale mpya. Wakaja wanawake waliokimbia waume, na watu walioshitakiwa uchawi. Watumwa waliokombolewa wakakabidhiwa kwa wamisionari. Wakapata mahali pa kujenga na pa kulima. Lakini iliwapasa kushika sheria za misheni na kumtii mmisionari kama walivyotiiwa wakubwa wa nchi. Ulinzi ulikuwa wa kweli, wala hatuudharau. Hata hivyo, asiye na ndugu aliishi kwa hiari ya aliyempokea.

Jinsi jambo hili lilivyokuwa zito twalijua kwa masimulizi ya maisha yaliyoandikwa na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian katika nyanda hizi, likiwamo la bibi mmoja aitwaye Narwimba. Masimulizi hayo yaonyesha kwamba mwanamke asiye na mtu wa kumtetea aliweza kukamatwa tena, kuuzwa, au kutolewa kuwa malipo ya deni la watu wengine. Kwake mlinzi alikuwa lazima kama chakula.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini jembe lataka shamba, na shamba lataka haki ya kukaa. Serikali yetu ililijaribu jambo hili kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na baada ya miaka michache walijilisha wenyewe. Hata hivyo walikaa miaka zaidi ya 40 wakiitwa wakimbizi, na watoto waliozaliwa hapa wakiitwa hivyo, mpaka mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 walipopewa vyeti vya uraia. Jembe lilitolewa mapema. Haki ilichelewa sana.

Basi yatupasa kujifunza katika mambo haya yote. Kumpa mgeni chakula na mahali pa kulala ni mwanzo tu. Aliyekimbia ahitaji ardhi, ahitaji majirani watakaokula pamoja naye, na tena ahitaji sauti katika baraza la mahali anapokaa, asiishi siku zote kwa hisani ya mtu mmoja. Wazee wa Rungwe waliyajua mawili ya kwanza kabla ya kitabu chochote kusomwa hapa. La tatu ni juu yetu. Na tunapohesabu miaka ya yubile, tuwahesabu pia wale walioingia bila mali wala ndugu, kwa maana mikono yao ilisaidia kujenga kuta tunazozisifu leo.