Mwembe wa Kununuliwa: Microsoft na Mipaka ya Daftari

Tarehe 8 Julai 2015 kampuni ya Microsoft ilitangaza mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza, kwamba ingefuta kutoka katika vitabu vyake takriban dola bilioni 7.6, thamani ya biashara ya simu iliyoinunua kwa Nokia. La pili, kwamba watu wapatao 7,800 wangepoteza kazi, wengi wao katika biashara hiyohiyo. Huko Finland, mji wa Salo, uliokuwa umeishi kwa simu kwa miongo kadhaa, uliambiwa kwamba ofisi yake ya kuunda bidhaa ingefungwa. Sisi wa Afrika Mashariki, ambao wengi wetu tulijifunza kuandika ujumbe mfupi kwenye simu ya Nokia, tuliipokea habari ile kama msiba wa jirani wa zamani.

Dola hizo hazikuibwa wala hazikuungua. Zilikwisha kulipwa zaidi ya mwaka mmoja nyuma, Aprili 2014, ununuzi ulipokamilika. Kilichotokea Julai ni kwamba daftari lilikiri. Swali linalonishughulisha hapa ni la kihistoria: nini hulilazimisha daftari kukiri, na nini huliruhusu kunyamaza?

Hatuna budi kurudi nyuma hadi Agosti 1985, pale bodi inayotunga kanuni za uhasibu nchini Marekani ilipotoa kanuni yake ya 86 kuhusu programu za kuuzwa. Kanuni hiyo iliamuru kwamba gharama za kuunda programu zihesabiwe kuwa matumizi ya mwaka husika mpaka itakapothibitika kwamba programu inawezekana kiufundi. Za baada ya hapo tu ndizo zingeandikwa kuwa mali. Microsoft, iliyouza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza Machi 1986, imekuwa ikieleza katika ripoti zake kwamba uthibitisho huo hupatikana karibu kabisa na siku ya bidhaa kutoka, hivyo kinachosalia kuandikwa ni kidogo mno. Kwa maneno mengine Windows, programu iliyoendesha sehemu kubwa ya kompyuta duniani, ilikuwa karibu haionekani kwenye mizania ya mwenye nayo.

Kununua ni habari nyingine. Kampuni inaponunua kampuni nyingine kwa bei inayozidi thamani ya mali zinazotambulika, ziada ile huandikwa upande wa mali kwa jina la gudwili. Zamani gudwili ilikatwa kidogo kidogo kila mwaka, kwa muda usiozidi miaka 40. Mwaka 2001 bodi ileile ikageuza utaratibu: isikatwe tena, bali ipimwe walau mara moja kwa mwaka, na ishushwe pale inapoonekana kwamba thamani yake imepungua. Wanafunzi wanapokunja uso darasani huwapa mfano wa mkulima. Mwembe alioupanda babu yake haumo katika hesabu, hata uzae namna gani. Mwembe alioununua kwa jirani umo, na utaendelea kuwamo hata ukikauka, mpaka mtu aende kuutazama.

Lakini je, anayekwenda huutazama mwembe ule peke yake, au hulitazama shamba zima kwa mbali? Hapa ndipo gudwili inapokutana na vitengo vya biashara. Kanuni ya 131 ya mwaka 1997 ilizitaka kampuni zitoe hesabu za vitengo vyao kama mkuu wa kampuni anavyovitazama yeye mwenyewe. Kanuni hiyo ndiyo ikawa msingi wa IFRS 8, ambayo hata kampuni za Kenya na Tanzania huifuata. Nia ilikuwa njema: mwanahisa aone kile anachokiona bosi. Ila mchora ramani ni bosi yuleyule, na kipimo cha gudwili hufanyika ndani ya mipaka aliyoichora.

Mwaka 2007 Microsoft iliinunua aQuantive, kampuni ya matangazo ya mtandaoni, kwa takriban dola bilioni 6.3. Gudwili yake iliwekwa katika kitengo cha huduma za mtandaoni, kilichokuwa kikipata hasara mwaka hadi mwaka. Julai 2012 dola bilioni 6.2 zikafutwa, na Microsoft ikatangaza hasara ya robo mwaka ya dola milioni 492, ya kwanza tangu iingie sokoni. Kitengo kile hakikuwa na wa kumwegemea. Lau gudwili hiyo ingewekwa pamoja na Office, faida ya Office ingetosha kuifunika, na huenda kila mwaka kipimo kingepita bila mtu kusikia lolote.

Simu nazo zilipewa kitengo chao, nazo zikaumbuka peke yao: robo ile ya 2015 ilikuwa na hasara ya dola bilioni 3.2. Miezi miwili baadaye, Septemba, Microsoft ilitangaza ramani mpya yenye vitengo vitatu tu, na simu zikaingizwa katika kimoja pamoja na Windows, Xbox na Bing. Sisemi kwamba lengo lilikuwa kuficha. Satya Nadella alikuwa ameupanga upya uongozi, na kanuni yenyewe hudai hesabu zifuate uongozi. Isitoshe, ukuta uleule hufunika hata neema: kwa miaka mingi mapato ya Azure yalielezwa kwa asilimia za ukuaji tu, hadi Julai 2025 kampuni iliposema kwamba yamepita dola bilioni 75 kwa mwaka.

Hata hivyo athari ya ramani haitegemei nia ya mchoraji. Mei 2016 ulikuja mkato mwingine wa simu: gharama ya takriban dola milioni 950, na ajira hadi 1,850 kupotea, kati ya hizo hadi 1,350 zikiwa za Finland. Safari hii, aliyefungua jedwali la vitengo kutafuta simu zimeingiza nini hakukuta tena safu yenye jina lao.