Mapatano ya Lutobo na Kutekwa kwa Kigali

Mtu asimamaye Kimisagara huliona bonde la Nyabugogo, yanakoanzia mabasi yaendayo mipakani. Njia za mipaka hiyo hatuna budi kuzikumbuka tunapofundisha habari za Vita Kuu ya Kwanza, kwani Kigali ilitekwa tarehe 6 Mei 1916 kutokana na mashauri yaliyofanywa mbali nayo.

Vita ilipoanza mwaka 1914, Ubelgiji ilitumaini kuwa Kongo ingebaki nje ya mapigano, kwa mujibu wa Mkataba wa Berlin wa 1885. Tumaini hilo lilivunjika Agosti, Wajerumani waliposhambulia bandari ya Lukuga katika Ziwa Tanganyika. Septemba wakakiteka kisiwa cha Ijwi katika Ziwa Kivu. Tangu hapo Wabelgiji na Waingereza walikuwa na adui mmoja, bali hawakuwa na mpango mmoja.

Kila upande ulikuwa na kile kilichompungukia mwenzake. Jenerali Tombeur alikuwa na askari, lakini shehena zake zilivuka Kongo nzima kabla ya kumfikia, na wapagazi hawakutosha. Waingereza wa Uganda walikuwa na njia ya Ziwa Viktoria na watu wa kubeba mizigo, ila askari wao wengi walihitajika kwingineko. Ndiyo sababu wajumbe wa pande mbili walikutana Lutobo, kusini-magharibi ya Uganda, Februari 1916. Ilikubaliwa kwamba Uganda itoe wapagazi na magari ya ng'ombe ili jeshi la Wabelgiji liweze kusonga mbele.

Matokeo yalionekana upesi. Kikosi cha Kanali Molitor kiliingia Rwanda kutoka kaskazini, na kile cha Kanali Olsen kikatokea upande wa Kivu na Rusizi. Kapteni Wintgens, aliyewaongoza Wajerumani, alirudi nyuma asije akazingirwa. Kigali ikatwaliwa, kisha Nyanza, makao ya Mwami Yuhi Musinga. Na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora.

Hata hivyo, washirika walipatana juu ya mizigo, wasipatane juu ya ardhi. Ubelgiji ilitaka kushika nchi kama rehani ya kutumia katika mazungumzo ya amani. Uingereza nayo ilikuwa na tamaa yake. Kwa hiyo safari ya Tabora iligeuka kuwa mashindano baina ya marafiki. Shauri hilo lilimalizwa na mapatano ya Orts na Milner ya tarehe 30 Mei 1919: Rwanda na Urundi zikawekwa chini ya Ubelgiji, na sehemu ya Gisaka ikakatwa kwa ajili ya reli ambayo Waingereza waliitamani. Sehemu hiyo ilirudishwa baadaye.

Katika mabaraza hayo yote Mwami hakuulizwa, wala mpagazi. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia; hapa tembo walipatana, na nyasi ziliumia vilevile. Wapagazi wengi waliangamizwa na maradhi, baridi na uchovu, na kaskazini-magharibi ya Rwanda ikapatwa na njaa kali iitwayo Rumanura.

Majina ya majenerali yamehifadhiwa vitabuni. Wapagazi hawakubahatika hivyo, lakini lugha yetu imewatunzia kumbukumbu: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Kiswahili chenyewe kilikuwa miongoni mwa lugha za amri na za kambini katika majeshi yaliyopigana.

Basi, tunapofundisha maneno kama mapatano, mkataba na ushirikiano, tusiishie kwenye maana ya kamusi. Tuwazoeze wanafunzi kuuliza maswali matatu: nani walikaa barazani, nani hawakuitwa, na nani waliubeba mzigo wa yale yaliyokubaliwa.