Salfa, Mikorosho na Hesabu ya Moli

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Miaka kumi na mitatu baadaye hazikufika 20,000. Wakulima wa Masasi na Newala walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mashamba yao. Bei zilikatisha tamaa. Kisha ukaja ubwiriunga, ukungu mweupe unaokausha maua.

Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, waliukabili kwa salfa. Unga wa njano ukawa sehemu ya msimu: mashine mgongoni, alfajiri, kabla upepo haujaamka.

Hapo pana kemia nzima ya kidato cha tatu. Moli moja ya salfa ina gramu 32, nayo ni atomi 6.022 × 10²³. Mkorosho ukipewa gramu 250, gawanya kwa 32: moli 7.8 hivi. Mfuko wa kilo 25 una moli 781. Ukishika moto (Mungu apishe mbali!) kila moli hukutana na moli moja ya oksijeni, na ghala hujaa kilo 50 za salfa dayoksaidi, gesi inayochoma mapafu.

Walimu wa Newala, anzeni somo na mfuko huo.