Verni ya magitare ya wazee wetu

Huku kwetu Mulungwishi, kitu cha mzee kikiheshimiwa kinapakwa rangi. Kaburi linapakwa chokaa, nyumba inapakwa mbele ya Noeli, kiti cha baba kinapewa verni mpya kisha matanga. Gitare nayo haiachwi. Mjukuu anaitoa nyuma ya kabati, anaisugua mpaka ubao unabaki mweupe, anaipeleka Likasi kwa fundi wa kupaka magari, inarudi nyekundu, inang'aa. Jamaa wote banasema: «Sasa njo muzuri!» Sisi, kwa heshima yote, tunasema hapana.

Tuanze na bei, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Huko Marekani na Ulaya, gitare ya zamani ya kiwanda iliyoondolewa verni yake na kupakwa nyingine, wauzaji wanaikata karibu nusu ya bei, hata kama kazi ni safi. Mpaka miaka ya 1960 viwanda vingi vya Marekani vilitumia verni ya nitroselulozi. Ni nyembamba, inageuka manjano polepole, na inapasuka nyufa ndogo kama matope yaliyokauka. Kwa mnunuzi, nyufa zile ni kama karata ya kuzaliwa ya gitare. Tena kuna sauti: ubao wa mbele una unene wa milimita 3 hivi, pengine chini. Kila kusugua kunaupunguza, na rangi nzito ya gari inauzuia kutetemeka. Gitare inakuwa bubu.

Mtu atasema: lakini magitare ya kwetu yalikuwa ya bei ndogo, mengine bati la mafuta na waya ya breki ya kinga! Ni kweli. Lakini tukumbuke Gallotone, gitare ya bei rahisi iliyotengenezwa Afrika ya Kusini na kampuni ya Gallo. Moja yao, aliyopigia John Lennon alipokuwa kijana mwaka 1957, iliuzwa London mwaka 1999 kwa pauni 155,500. Haikuuzwa hivyo kwa ajili ya mbao yake. Watu walilipia mikono iliyoishika.

Na mikono, sisi tunayo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Bunkeya, hapa hapa Jadotville, mji ulioitwa Likasi tangu 1966. Sahani zake zilitolewa na Gallo ile ile, na mwaka 1969 akapiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Yeye alipiga kwa vidole viwili, kidole gumba na kile cha kuonyesha, na wengi wa Katanga walipiga hivyo. Lakini kwa Mwenda mmoja aliyerekodiwa, kulikuwa na wapigaji wangapi katika kambi za wafanyakazi na vijijini ambao hakuna mashine iliyowafikia? Wale sauti yao imekwisha. Kinachobaki ni pale kucha ilipokula ubao chini ya nyuzi, pale mkono ulipoondoa verni, pale shingoni ambapo gumba limelainisha mti. Ukitazama vizuri unaona alipenda kupiga wapi. Karatasi ya kusugulia inafuta yote kwa saa moja.

Hatusemi gitare iachwe ioze. Ubao uliopasuka ugundishwe, nyuzi zibadilishwe, vumbi lipanguswe na kitambaa kikavu. Hiyo ni kutengeneza, si kupaka.

Iko jambo moja ambalo wauzaji wa Ulaya hawalifikiri sana. Gitare nyingi za kwetu zilipakwa na wenyewe, kwa rangi iliyobaki ya kinga au ya mlango. Rangi ile si uharibifu; ni ya mzee mwenyewe, na hata ikiwa mbaya ibaki. Kwa hiyo, ukikuta gitare ya kijani nyuma ya kabati, uliza kwanza kwa nyanya au kwa baba mkubwa: nani aliipaka, na mwaka gani?